Shirika la reli la nchi ya kubuni: nisaidieni lisimame kwa hesabu

Mchora Ramani (Masasi)

Wazee shikamooni, na wenzangu habari za kazi.

Ninaandika hadithi ya mfululizo inayotokea katika nchi ya kubuni. Nimeiita Kusi, kwa jina la ule upepo. Sura ya nchi nimeiazima huku kwetu: bandari ya kina kirefu upande wa mashariki, uwanda wa mikorosho nyuma yake, pori refu katikati, makaa ya mawe kwenye kilomita 560 kutoka baharini, kisha ziwa kwenye kilomita 640. Uti wa mgongo wa hadithi ni Shirika la Reli la Taifa, mali ya serikali yote, lililorithi njia iliyojengwa enzi za ukoloni.

Nilivyoandika mpaka sasa: njia moja yenye upana wa mita moja, stesheni 12, treni 40 kwa siku, mabehewa 100, vichwa vya treni 30. Kutoka bandarini njia inapanda uwanda moja kwa moja, mita 500 ndani ya kilomita 15, ili abiria waione bahari nyuma yao. Mzigo ni tani 300,000 za makaa kwa mwaka, korosho za msimu, na treni ya abiria kila siku. Shirika linapata hasara, na nimeandika kwamba sababu ni wizi wa mkurugenzi.

Msomaji wa rasimu ameniambia reli hii haiwezi kufanya kazi hata siku moja. Nioneshe­ni ilipovunjika. Sihitaji sifa, nahitaji namba.

Fundi Taruma

Dada, upana wa mita moja uache ulivyo. Reli ya Kati yetu na ya Tanga ni za upana huo, na hata reli ya zamani ya Kusini ilikuwa hivyo hivyo. Kilichovunjika ni mlima wako.

Mita 500 ndani ya kilomita 15 ni mwinuko wa 1 kwa 30. Chukua kichwa cha dizeli chenye ekseli sita, kila ekseli tani 12, jumla tani 72. Magurudumu ya chuma juu ya reli kavu yanashika kama robo ya uzito huo, yaani kichwa kinavuta kwa nguvu ya tani 18 hivi kabla magurudumu hayajaanza kuteleza. Kwenye 1 kwa 30 kila tani ya treni inadai karibu kilo 36 za mvuto. Gawanya: tani 500 kwa jumla, kichwa kikiwemo. Ukitoa kichwa unabaki na tani 428. Behewa la ekseli nne lililojaa, kila ekseli tani 13.5, lina tani 54. Unavuta mabehewa saba. Ndani yake mzigo halisi ni tani 266, na malori tisa ya tani 30 yanaubeba wote.

Sasa legeza mwinuko. Kwenye 1 kwa 50 kichwa kile kile kinavuta mabehewa 13. Kwenye 1 kwa 100 kinavuta 25. Kichwa ni kile kile, dereva ni yule yule, na mafuta ya ziada si mengi. Ndiyo maana wajenzi wa reli hukubali kuzunguka kilomita nyingi kukwepa mlima ambao barabara ingeupanda kwa kona nne. Kupanda mita 500 kwa 1 kwa 100 kunadai kilomita 50 za njia, na kwenye kona kali lazima mwinuko upunguzwe zaidi, kwa sababu kona nayo inakaba magurudumu.

Angalia ardhi ya kwetu. Kutoka Mingoyo kwenda Ndanda na Masasi barabara haipandi Uwanda wa Makonde, inafuata bonde la Lukuledi. Bonde ndiyo njia ya reli. Mfanye mhandisi wako wa zamani aingie bara kwa bonde, na uwanda wa mikorosho ubaki juu upande mmoja, wakulima wakiteremsha magunia hadi stesheni za chini. Mandhari ya bahari utayapoteza. Utapata jambo kubwa zaidi: ugomvi wa kudumu wa vijiji vya juu ambavyo reli haikuwafikia.

Jambo la pili ni upande gani mzigo mzito unaelekea. Makaa yanakwenda baharini, kwa hiyo mabehewa yanarudi matupu, kila moja tani 16. Mabehewa 25 matupu ni tani 400, na kichwa kimoja kinayapandisha 1 kwa 50 bila taabu. Kwa hiyo mwinuko unaoikabili treni inayokwenda pwani usizidi 1 kwa 100, na ule unaoikabili inayokwenda bara unaweza kuwa 1 kwa 50. Mhandisi mwenye bajeti ndogo anaokoa pesa hapo. Ila bei yake hulipwa kwenye kuteremka: tani 1,350 zinazoshuka 1 kwa 50 zinazuiwa na breki peke yake. Dereva akikanyaga na kuachia, akikanyaga na kuachia, hewa iliyohifadhiwa kwenye matangi ya mabehewa inaisha kabla haijajazwa upya, na hapo treni haina breki tena. Kanuni ya mteremko wa namna hiyo ni kusimama juu, kupima breki mpaka behewa la mwisho, kufunga breki za mkono kwenye idadi ya mabehewa iliyoandikwa, na kushuka kwa mwendo wa kilomita 20 hivi. Weka stesheni pale juu kwa kazi hiyo tu.

Msalaba wa Treni

Naunga mkono ya Fundi. Mimi nashika uendeshaji, maana treni 40 kwa siku kwenye stesheni 12 hazipiti.

Kwenye njia moja treni mbili haziwezi kuwa pamoja kati ya stesheni na stesheni. Stesheni 12 ndani ya kilomita 640 ni umbali wa kilomita 58 hivi. Kwa mwendo wa 40 kwa saa treni inakaa humo dakika 87, ongeza dakika 10 za kupeana ruhusa na kutengeneza pointi (pale reli zinapogawanyika kuipeleka treni njia nyingine), jumla 97. Siku ina dakika 1,440. Unapata treni 14 za kwenye karatasi. Kwa kazi halisi chukua asilimia 60 yake, kwa sababu treni huchelewa, kiberenge cha mafundi kinahitaji njia, na kichwa huharibika. Zinabaki nane, kwenda na kurudi kwa pamoja.

Ukiweka mahali pa kupishana kila kilomita 20, hesabu inakuwa dakika 30 na 10, treni 36 za karatasi, 21 za kweli. Hizo zinakutosha kabisa. Maana yake ni vipande 32, yaani stesheni 33 ukihesabu za mwisho. Nyingi hazihitaji jengo la kujisifia: njia ya pembeni, pointi mbili, chumba cha stesheni masta, nyumba za watumishi na tangi la maji.

Urefu wa njia ya kupishana usiusahau. Behewa lina mita 14, hivyo 25 ni mita 350, na kichwa 18. Ukiacha nafasi ya kusimamia unahitaji mita 420 au 450. Mkoloni wako aliyeendesha treni fupi alijenga mita 250. Kwa hiyo shirika limenunua vichwa vyenye nguvu na halifaidiki navyo, kwa sababu treni ndefu mbili zikikutana hakuna inayoingia pembeni. Kurefusha njia hizo 31 ni kazi isiyokatiwa utepe na waziri yeyote, ndiyo maana huahirishwa.

Kuhusu mabehewa. Tani 300,000 kwa tani 38 kila behewa ni safari karibu 7,900 kwa mwaka. Swali ni behewa moja linafanya safari ngapi. Likienda, likapakuliwa na kurudi kupakiwa kwa siku 8, linafanya safari 45. Unahitaji mabehewa 176, na ukiongeza yaliyo karakana yanafika 200. Mzunguko ukipanda hadi siku 14, safari zinakuwa 26 na unahitaji zaidi ya 300, kabla ya kuhesabu ya karakana. Mabehewa yako 100 yangetosha kama mzunguko ungekuwa wa siku nne, jambo lisilowezekana kwa kilomita 1,120 za kwenda na kurudi.

Vichwa, kinyume chake, umezidisha. Treni ya makaa ina mzigo wa tani 950, hivyo ni treni 316 kwa mwaka, sita kwa wiki. Mzunguko wa kichwa, pamoja na kujaza mafuta na ukaguzi, ni kama siku tatu na robo. Vichwa vitatu viko njiani kila siku. Kama asilimia 70 ya vichwa vinafanya kazi unahitaji vinne au vitano. Ongeza vya abiria, vya korosho, vya kupanga mabehewa bandarini: 12 vinatosha. Lakini vikiwa vizima asilimia 40 tu, hata 20 havitoshi. Shirika lenye vichwa 30 kwenye orodha na 11 vinavyowaka ni jambo la kweli kabisa. Vingine 19 viko karakana vikitolewa vipuri kimoja kimoja kuokoa wenzao, mpaka vinabaki mabodi. Andika hivyo.

Kokoto za Chiungutwa

Nina la kuongeza kwenye njia yenyewe, maana mwandishi anaweza kudhani reli ni vyuma viwili.

Kwa kilomita moja ya njia ya upana wa mita moja: reli ya kilo 40 kwa mita ni tani 80 za chuma. Mataruma, yale yanayolazwa kukingama chini ya reli, kila sentimita 65 ni 1,540. Kokoto mita za ujazo 1,300 kwa wastani. Reli za mita 12 zilizoungwa kwa bolti zinakupa maungio 166, na kila ungio vipande viwili na bolti nne. Zidisha kwa 640 uone kiasi cha kazi: mataruma karibu 986,000, kokoto mita za ujazo zaidi ya 830,000.

Kokoto zinatoka wapi? Hapa wengi hukosea. Pwani yetu ina mawe ya matumbawe. Ni laini, treni ikipita yanasagika, unga unajaa kati ya mataruma, maji hayapiti tena, tope linapanda juu kila gurudumu linapobonyeza. Juu ya uwanda ni mchanga mtupu. Jiwe gumu liko bara, kama majabali ya Masasi. Kwa hiyo machimbo ya shirika lako yawe ndani, kilomita 150 au 200 kutoka bandarini, na treni ya kokoto iwe na zamu yake kwenye ratiba. Ikikosa kichwa kwa miezi sita, upande wa pwani ndio unaozama kwanza.

Mataruma nayo yana hadithi. Ya mbao huliwa na mchwa na huungua moto wa pori wa Agosti na Septemba. Ya chuma mchwa hauyawezi, lakini karibu na bahari chumvi huyala pale reli inapokaa, huoni ufa mpaka limekatika. Ya zege yanadumu, ila ni mazito, hayabebwi na watu wawili, yanataka kokoto za kutosha chini yake, na gurudumu likianguka likayapitia yanapasuka mengi kwa mara moja. Ningeweka zege kilomita 60 za kwanza kutoka baharini na chuma kule ndani.

Jua: reli ya mita 12 ikipanda joto kwa nyuzi 40 inarefuka milimita tano na nusu. Genge la wafanyakazi wa njia likiunganisha reli alasiri bila kuacha nafasi hakuna shida mchana, lakini usiku zikipoa zinavuta bolti. Likiunganisha asubuhi ya baridi bila nafasi, saa nane mchana njia nzima inasukumana na kupinda pembeni kama nyoka, hasa mahali ambapo kokoto za pembeni zimeporomoka.

Mvua: tuta halivunjwi na maji yanayopita, linavunjwa na maji yaliyozuiwa. Kalavati likiziba kwa magogo, upande wa juu unakuwa bwawa, maji yanavuka juu ya reli na kuchimba tuta upande wa chini. Asubuhi unakuta reli na mataruma vinaning'inia hewani kama ngazi. Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe iliwahi kufungwa kwa mafuriko ya mwanzoni mwa 2010, na huko si maji peke yake, ni mchanga unaoinua kitanda cha mto kila mwaka. Katika nchi yako ya Kusi, Novemba yote iwe ya kusafisha makalavati. Genge lisilopewa majembe na mafuta ya kiberenge Novemba litahitaji treni ya mawe Februari.

Mchora Ramani (Masasi)

Kaka zangu, nimefuta sura mbili nzima na sijuti. Nina maswali mawili.

Kwanza, korosho. Nilidhani ndiyo mzigo mkuu wa kuiokoa reli. Pili, hiyo hasara: kama si mkurugenzi mwizi, inatoka wapi? Nataka msomaji aione ikikua.

Ghala Namba Tatu

Korosho niachieni mimi.

Minada inaanza Oktoba na mzigo mzito unaisha Januari hivi. Miezi minne. Shirika likinunua mabehewa ya kuufunika msimu huo, miezi minane yanakaa kwenye njia za pembeni yakiota kutu. Likiwa na machache, magunia yanalala ghalani na mnunuzi ambaye meli yake inasubiri anachukua malori. Ndiyo kero ya mzigo wa msimu kwa reli yoyote.

Uzito pia unadanganya. Korosho ghafi ni nyepesi kwa nafasi inayochukua, mita moja ya ujazo ni kilo 550 hadi 600. Behewa lililofunikwa lenye mita 55 za ujazo linajaa kwenye tani 31 au 32, halifiki zile 38. Magunia ya kilo 80 yanakuwa chini ya 400. Na behewa lenye tundu moja la bati linaharibu mzigo: korosho iliyokaushwa hadi unyevu wa asilimia 8 hadi 10 ikirowa inaota ukungu, na mnunuzi hushusha daraja la shehena yote. Kabla ya kupakia, mtu anaingia ndani, anafunga mlango, anatazama juu. Panapopenya mwanga panapenya mvua. Ni kipimo cha dakika mbili kisichohitaji chombo.

Mzigo wa kurudi bara upo, nao ni salfa ya kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiri unga. Inatakiwa ifike kwa wakulima kabla mikorosho haijachanua, Mei na Juni. Kwa hiyo behewa lile lile linabeba salfa likipanda Mei na korosho likishuka Oktoba. Hatari yake ni mbili. Vumbi la salfa linashika moto kwa cheche, hivyo hakuna kuchomelea wala kuvuta sigara karibu na behewa linalopakuliwa. Na vumbi hilo likibaki sakafuni likapata unyevu linakula chuma na kuacha harufu kwenye magunia ya korosho. Behewa lifagiliwe, lioshwe, likae wazi juani, ndipo lirudi kwenye orodha ya chakula. Stesheni isiyo na maji haiwezi kufanya hivyo, na juu ya uwanda wa mchanga maji ni shida ya kwanza.

Kwa hiyo korosho ni mzigo wa kupendeza, lakini haiwezi kuibeba reli peke yake. Kumbuka reli ya Kusini iliyokuwepo kweli. Ilijengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947, kuelekea Nachingwea. Mpango ukaachwa 1951, zaidi ya pauni milioni 36 zikiwa zimepotea. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara ikafunguliwa 1954, mzigo uliokusudiwa ukiwa haupo tena. Reli iliendelea na mizigo ya kawaida ya mikoa hii, ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vikang'olewa. Njia haikushindwa kupitisha treni. Treni zilikosa cha kubeba. Hilo Kusi walijue kabla ya kupima ardhi.

Msalaba wa Treni

Na kwa makaa hesabu ni tofauti kwa sababu yanatoka mwaka mzima. Ndiyo maana mipango ya reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay imebeba matawi ya Mchuchuma kwenye makaa na Liganga kwenye chuma. Bila makaa na chuma, kilomita zote hizo zinasubiri msimu.

Daftari la Hasara

Dada, swali lako la pili ndilo la msingi. Mkurugenzi mwizi akikamatwa hadithi inaisha, na reli bado mbovu. Hasara ya kweli ya shirika la umma huanzia kwenye uamuzi unaoonekana wa busara.

Chukua mataruma 986,000 aliyohesabu mwenzangu. Tuseme taruma linaishi miaka 28. Kila mwaka lazima ubadilishe 35,000 ili ubaki pale pale. Mwaka wa bajeti finyu bodi inaidhinisha 10,000. Hakuna kinachotokea. Treni zinapita, abiria wanafika. Mwaka wa pili hivyo hivyo, na wa tatu. Baada ya miaka 10 una mataruma 250,000 yaliyopitiliza, robo ya njia nzima. Hapo ndipo mhandisi wa njia anaanza kuandika amri za mwendo: kilomita 15 kwa saa badala ya 40, kati ya kilomita fulani na fulani.

Kipande cha kilomita 10 kwa 40 ni dakika 15. Kwa 15 ni dakika 40. Ukiwa na vipande 16 kama hivyo, safari imeongezeka karibu saa saba kwenda na saa saba kurudi. Hizo pekee si nyingi, lakini dereva anamaliza saa zake za kazi katikati ya pori, treni inasubiri mwenzake, inakosa zamu ya kupakuliwa bandarini, inalala siku mbili. Mzunguko wa siku 8 unakuwa 14. Mabehewa yale yale 200 yaliyobeba tani 300,000 sasa yanabeba 170,000 hivi. Mapato yamepungua kwa zaidi ya theluthi moja na hakuna shilingi iliyoibiwa. Bodi inasoma taarifa, inaona upungufu wa mabehewa, inakopa kununua mengine 100. Pesa ya mataruma inakwenda kulipa riba. Huo ndio moyo wa hadithi yako, na mhusika wako mkuu awe yule mhandisi wa njia anayeandika barua ile ile kila mwaka akibadilisha tarakimu tu.

Jambo la pili ni treni ya abiria. Serikali inataka nauli ndogo, na ni haki kabisa kwa watu wa pori la katikati wasio na barabara. Lakini nauli ikilipia nusu ya gharama, nusu nyingine lazima iandikwe kwenye bajeti ya serikali kama malipo ya huduma, kwa mkataba, na ilipwe kila robo mwaka. Isipoandikwa, shirika linaitoa kwenye mapato ya mzigo, yaani kwenye mataruma. Ukiona hesabu za shirika la reli ambazo abiria na mzigo vimeunganishwa mstari mmoja, jua hakuna anayejua nani anamlisha nani.

Na kama unataka mgogoro wa kisiasa, tumia swali la nani amiliki njia na nani aendeshe treni. Tanzania imepitia yote: shirika moja baada ya kuvunjika kwa la Afrika Mashariki 1977, kisha njia ikabaki kwa kampuni ya serikali na uendeshaji ukakodishwa 2007 kwa ubia wa asilimia 51 za mwekezaji kutoka India na 49 za serikali, ubia ukavunjwa, na sheria ya 2017 ikaviunganisha tena chini ya shirika moja. Ugumu wa kutenganisha uko kwenye swali dogo: behewa likianguka, ni kosa la gurudumu au la reli? Kampuni mbili zitabishana miezi, kila moja na vipimo vyake. Shirika moja angalau linajilipa lenyewe.

Mchora Ramani (Masasi)

Nimeelewa, kaka. Sasa ninahitaji ajali moja ndogo, isiyoua mtu, itokane na mataruma hayo. Na utaratibu wa ruhusa kati ya stesheni, maana nimeandika stesheni masta anapeperusha bendera tu na treni inaondoka.

Fundi Taruma

Ajali yako ni reli kupanuka kwenye kona. Upana ni milimita 1,000, kwenye kona kali huongezwa kidogo makusudi. Mataruma yakichoka, skurubu zinalegea, na kila treni inasukuma reli ya nje milimita moja moja. Ikizidi 25 au 30 juu ya kipimo, gurudumu la ndani linaporomoka kati ya reli. Haianguki kwa kishindo. Mabehewa mawili ya katikati yanatoka, yanakokotwa juu ya mataruma mita 80 hivi, hewa ya breki inakatika, treni inasimama yenyewe. Dalili ya kabla ilikuwepo: msaga wa chuma unaong'aa upande wa ndani wa reli ya nje, na vumbi jekundu kuzunguka skurubu. Kiongozi wa genge aliyebeba kipimo cha upana angeiona. Genge la watu 10 kwa kila kilomita 8 linamfikia kila taruma. Ukipunguza hadi watu wanne kwa kilomita 20 hawaifiki kona hiyo kwa wiki mbili.

Kurudisha: jeki mbili za haidroli, vipande vya mbao ngumu chini yake, na vipandisho vya chuma vinavyofungwa kwenye reli ili kichwa kivute gurudumu lipande taratibu. Mabehewa mawili matupu ni saa nne au tano. Yaliyojaa makaa ni kutwa, na mara nyingi inabidi kupunguza mzigo kwa koleo kwanza. Kisha mataruma 100 na zaidi yabadilishwe kabla ya treni kupita kwa kilomita 5 kwa saa.

Msalaba wa Treni

Bendera ni ya mwisho kabisa. Stesheni masta wa A anapiga simu kwa B: “Naomba njia kwa treni namba fulani.” B kabla ya kukubali lazima awe ameona kwa macho yake treni iliyotangulia imefika nzima, na kinachothibitisha ni kibao chekundu au taa ya mkiani kwenye behewa la mwisho. Kisha anatoa namba ya ruhusa, wote wawili wanaiandika kwenye daftari pamoja na saa na dakika. A anaijaza kwenye karatasi, dereva anaisoma kwa sauti, anahakiki jina la stesheni ya mbele na tarehe, anaikunja mfukoni. Hapo ndipo pointi, ishara, na bendera ya gadi, yaani msimamizi wa treni.

Kwa ajali yako basi iwe hivi: ungio kati ya mabehewa limekatika kwenye kona, mabehewa tisa ya nyuma yamebaki porini na breki zimejifunga. Hewa ikikatika mbele nako husimama, kwa hiyo dereva amefunga bomba la hewa nyuma ya behewa la mwisho alilobaki nalo, kisha kichwa kinafika B na mabehewa 14. Ni usiku, mvua inanyesha. Stesheni masta wa B anatoka na taa yake, anatembea mpaka mwisho wa treni, hakuti kibao. Anarudi ofisini. Simu inalia: A anaomba njia kwa treni ya abiria. Anachotakiwa kusema ni “Njia haijawa wazi,” aandike saa, kisha ampeleke mtu kwa miguu mpaka umbali uliowekwa kwenye kanuni akaweke fataki tatu juu ya reli, zinazolipuka zikikanyagwa na gurudumu ili kumwonya dereva, kulinda upande wa nyuma.